DIVAI YA DODOMA: TOKA SHAMBA LA MAPADRE BIHAWANA MPAKA CHUPA YA DUKANI

Leo naomba tuweke siasa na mpira pembeni kidogo, nina somo moja refu. Mwenye haraka asome pale nilipoandika KWA UFUPI, mwenye muda na hela ya saa nzima twende wote mpaka chini.

Ilianza hivi. Nilikuwa kafe hapa Bariadi, kompyuta ya pembeni yangu amekaa jamaa mmoja anaangalia picha za kiwanda cha divai cha Urusi kinaitwa Abrau-Durso. Mashamba ya mizabibu yamepangwa mistari utafikiri yamechorwa na rula, ziwa, mahandaki ndani ya mlima yamejaa chupa, watalii wanapiga picha. Jamaa akageuka akasema kwa sauti, "Oya, wenzetu wana historia. Sisi Bongo tuna nini? Gongo tu." Kafe nzima ikacheka. Na mimi nilicheka, nisiwadanganye.

Ila nilipofika nyumbani ile kauli ikaanza kuniuma. Dada yangu ameolewa Dodoma, na shemeji yangu ni mkulima wa zabibu upande wa Hombolo. Nimelala kwake, nimeshika mkasi wa kupogolea, nimebeba kreti za zabibu begani. Halafu nakaa kimya mtu anaposema hatuna kitu! Basi hii makala ndiyo jibu langu. Nimechelewa ila nimefika.

KWA UFUPI

Divai ni juisi ya zabibu iliyochachushwa. Tanzania zabibu za divai zinalimwa hasa mkoa wa Dodoma. Zao lilianzia misheni ya Bihawana, mwaka 1957 ndio unaotajwa sana, kwa mapadre wa Kiitaliano. Aina mbili zinazojulikana zaidi ni Makutupora Red, ambayo ni nyekundu, na Chenin Blanc, ambayo ni nyeupe. Dodoma inavuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo Urusi na Ufaransa hawaliwezi. Tatizo kubwa la mkulima halipo shambani, lipo kati ya shamba na pipa. Hapo nitafika, vumilieni.

WARUSI WALIANZAJE

Tuanze na hao aliowasifia jamaa, maana haki ni haki. Abrau-Durso ipo karibu na mji wa Novorossiysk, kwenye Bahari Nyeusi. Ilianzishwa mwaka 1870 kwa amri ya mfalme Alexander wa Pili, ikiwa mali ya familia ya kifalme. Mwishoni mwa karne ile akaja kabaila mmoja anaitwa Lev Golitsyn, mtu aliyeichukulia divai kama wengine wanavyoichukulia dini. Yeye ndiye aliyesukuma utengenezaji wa divai ya mapovu kwenye mashamba yale ya kifalme. Alikuwa na shamba lake mwenyewe pia, Novy Svet kule Crimea, na divai yake ya mapovu ikapata tuzo kubwa kwenye maonyesho ya dunia ya Paris mwaka 1900.

Baada ya mapinduzi ya 1917 mali zikawa za serikali. Halafu mwaka 1985, enzi za Gorbachev, ikaja kampeni kali ya kupiga vita ulevi. Nia ilikuwa nzuri, vodka ilikuwa inawamaliza watu. Lakini sehemu nyingi za nchi ile mizabibu iking'olewa, mashamba yaliyochukua miaka mingi kukomaa yakaondolewa kwa karatasi yenye muhuri. Leo Abrau-Durso imesimama tena, inauza divai na inapokea wageni wanaokuja kuona mahandaki.

Shikeni mambo mawili hapo. La kwanza, kule shamba, pipa na chupa viko sehemu moja, chini ya mwenye mali mmoja. La pili, mzabibu unaweza kuuawa na uamuzi wa ofisini kirahisi kuliko ukame. Yote mawili tutakutana nayo Dodoma.

SISI TULIANZAJE

Wamisionari wa Kikatoliki wa shirika la Wapasionisti, Waitaliano, walifika Dodoma miaka ya 1930. Sasa Kanisa Katoliki lina sheria yake kuhusu divai ya misa: lazima iwe ya asili, itokane na tunda la mzabibu, na isiwe imeharibika. Huwezi kuadhimisha misa kwa togwa wala kwa juisi ya ukwaju. Kwa hiyo padre aliyekaa katikati ya Tanganyika alikuwa na njia mbili tu, aagize divai kwa meli kutoka kwao, au aipande.

Bihawana wakapanda. Misheni hiyo haiko mbali na mji wa Dodoma. Kila mzee wa Dodoma niliyemuuliza kuhusu zabibu alinianzia hapo hapo, Bihawana. Walikuta kitu ambacho pengine wenyewe hawakukitarajia. Nchi kavu ya Wagogo, ambayo watu wengi waliijua kwa njaa na ukame, mzabibu uliipenda. Wanakijiji wakaona, wakaomba vipandikizi, mizabibu ikaanza kutembea kutoka ua wa misheni kwenda kwenye mashamba ya watu.

Baadaye serikali ikaingia. Kikawepo kituo cha utafiti Makutupora, kaskazini ya mji wa Dodoma, ambacho leo kipo chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) na ndicho chenye dhamana ya utafiti wa zabibu nchini. Hata jina la ile zabibu nyekundu, Makutupora Red, limetoka hapo. Fikirieni, kuna aina ya zabibu yenye jina la kijiji cha Tanzania! Yule jamaa wa kafe angejua hilo asingesema gongo tu.

Kikawepo pia kiwanda cha umma, Dodoma Wine Company, wengi wanakijua kama DOWICO. Miaka ya 1980 huyo ndiye alikuwa mnunuzi mkubwa. Mkulima alijua akivuna anapeleka wapi. Yalipoanza mambo ya soko huria na mashirika ya umma kuanguka moja baada ya jingine, DOWICO nayo ikakwama miaka ya 1990. Zabibu zikakosa mlango. Wapo waliong'oa mizabibu wakapanda mtama na alizeti, wapo walioacha shamba likawa pori.

Mnaona? Gorbachev hakufika Dodoma, lakini mizabibu iling'olewa vile vile. Tofauti ni kwamba huku hakuna aliyeamuru. Mnunuzi alipokufa, shamba nalo likafa.

SHAMBA LENYEWE

Mara ya kwanza kwenda kwa shemeji nilipanda basi alfajiri hapa Bariadi, tukapita Maswa, Mwigumbi, Shinyanga, Nzega, Singida, Manyoni, mpaka Dodoma. Nilifika nimevimba miguu. Mama yake shemeji akanipokea na "Mbukwenyi!", mimi nikajibu "Mwadila, mama", watu wakacheka hawana mbavu. Kesho yake asubuhi nikapelekwa shambani.

Nilitegemea kuona mti. Mzabibu sio mti jamani, ni mmea unaotambaa, unahitaji kushikwa mkono. Wanasimika nguzo, wanafunga waya, matawi yanalazwa juu ya waya, vichala vinaning'inia chini yake. Nguzo za miti zina adui anaitwa mchwa. Shemeji alinionyesha nguzo nzuri tu kwa nje, akaipiga teke, ikavunjika kama biskuti. "Hii shemeji," akaniambia, "mvua ikija na upepo, mstari mzima unalala chini."

Mzabibu haupandwi kwa mbegu. Wanakata kipande cha tawi lililokomaa chenye macho kadhaa, wanakiotesha kitaluni, kikishika mizizi kinahamishiwa shambani. Mwaka wa kwanza unalea tu. Kuanzia kama mwaka wa pili unaanza kuonja matunda, na ukiutunza unaweza kukaa nao miongo kadhaa. Kwa hiyo mtu anayepanda mizabibu hachezi mchezo wa msimu mmoja. Sisi wa pamba mwaka huu ukichukia unalima dengu au choroko, basi. Wa zabibu ameshajifunga ndoa.

Sasa lile la kuvuna mara mbili. Mzabibu wa nchi za baridi unalala. Majani yanapukutika, mmea unazima kama redio iliyoisha betri, mpaka joto lirudi. Kule mto Don, Urusi, baridi ni kali kiasi kwamba baadhi ya wakulima wanaulaza mzabibu chini na kuufukia kwa udongo usife, halafu wanaufukua baada ya baridi. Mavuno ni mara moja kwa mwaka.

Dodoma hakuna baridi ya namna hiyo. Mji upo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, usiku kunapoa, mchana jua la kutosha, na mvua ni msimu mmoja, kama Desemba hadi Aprili. Mzabibu haulali. Sasa nani anauambia uanze upya? Mkasi. Mkulima akipogoa, yaani akikata matawi yaliyokwisha zaa na kuacha macho machache, mmea unashtuka unachipua, unatoa maua, na baada ya kama miezi minne zabibu zimeiva. Ukipanga tarehe ya mkasi umepanga tarehe ya kuvuna. Ndio maana Dodoma wanavuna kama Januari mpaka Machi, halafu tena kama Agosti na Septemba.

Ila mavuno mawili hayafanani. Ya masika yanakuja na unyevu, na unyevu unaleta magonjwa ya ukungu. Wataalamu wanayaita ubwiri unga na ubwiri vinyoya. Majani yanakuwa kama yamemwagiwa unga wa sembe, zabibu zinapasuka na kuoza kwenye kichala. Ya kiangazi ndiyo matamu zaidi, sukari imekaa, ngozi safi. Lakini kiangazi kinataka maji ya kumwagilia, na maji Dodoma sio kitu cha kuulizia kwa jirani. Ndio maana wapo waliokwenda kwenye mashamba ya pamoja yenye umwagiliaji wa matone, kama pale Chinangali wilaya ya Chamwino.

Ongezeni ndege. Zabibu zikianza kubadilika rangi tu, ndege wanajua kabla ya mwenye shamba. Watoto wa shemeji kazi yao asubuhi ni kupiga madebe.

ZABIBU INAVYOGEUKA DIVAI

Hapa ndipo nilipojifunza kwamba nilikuwa sijui kitu. Nilidhani divai inatengenezwa kwa kuchanganya pombe na rangi. Hapana. Nawaelezea kama nilivyoelewa mimi niliyepata D ya kemia.

Kwanza, kupima sukari. Zabibu ya divai haivunwi kwa kuangalia rangi tu. Kuna kifaa kidogo, unadondoshea tone la juisi, unachungulia kwenye mwanga, kinakuambia kiwango cha sukari. Sukari ndiyo itakayokuwa kilevi. Hesabu yake ni kwamba kila gramu 17 hivi za sukari kwenye lita moja zinatoa asilimia moja ya kilevi. Kwa hiyo divai ya asilimia 12 ilianza na gramu kama 200 za sukari kwa lita, zote kutoka kwenye zabibu. Zabibu iliyovunwa mbichi kwa sababu mkulima ana shida ya ada, divai yake inakuwa chachu na dhaifu.

Pili, kuponda. Vikonyo vinatolewa, zabibu zinapasuliwa. Sasa hapa kuna siri ambayo wengi hawaijui. Juisi ya zabibu nyingi nyekundu haina rangi! Rangi ipo kwenye ngozi. Ukitaka divai nyekundu unaacha juisi ichachuke pamoja na ngozi zake. Ukitaka nyeupe unakamua na kutenga ngozi mapema. Ule ukakasi unaokausha ulimi kwenye divai nyekundu nao unatoka kwenye ngozi na mbegu.

Tatu, kuchachusha. Hamira inakula sukari, inatoa kilevi na gesi, na inatoa joto. Joto likizidi hamira inakufa kabla ya kumaliza kazi, na divai inapoteza harufu. Nyekundu inachachushwa kwenye nyuzi kama 25 hadi 30, nyeupe inataka baridi zaidi, chini ya nyuzi 20. Kwa jua la Dodoma maana yake ni matangi ya chuma kisichopata kutu yenye mfumo wa kupoza, na umeme usiokatika katika. Warusi walichimba mahandaki mlimani ili wapate ubaridi wa bure. Sisi tunaulipia kwa luku.

Nne, kutulia. Hamira iliyokufa inazama chini, divai inahamishwa kwenye tangi safi, inachujwa, inawekwa kinga kidogo dhidi ya hewa. Hewa ndiyo adui. Divai ikiachwa wazi, bakteria wanageuza kilevi kuwa siki. Siki ni nzuri kwenye kachumbari, lakini sio hiyo uliyotaka kuuza.

Hamira ikila sukari yote, divai inakuwa kavu, haina utamu. Ikizuiwa kabla haijamaliza, au ikiongezwa utamu baadaye, inakuwa tamu. Watanzania wengi tunapenda tamu na hakuna ubaya. Ila msije mkadhani kavu imeharibika. Mimi mara ya kwanza kuonja nyekundu kavu nilitaka kuitema, shemeji akaniambia, "Taratibu, shemeji, hiyo sio soda."

NANI ANATENGENEZA

Baada ya DOWICO kukwama, miaka ya 2000 ndio viwanda binafsi vikaanza kuonekana. Kule Hombolo kuna CETAWICO, kirefu chake Central Tanzania Wine Company, iliyoanzishwa na mwekezaji kutoka Italia, ikaleta na aina nyingine za zabibu za kwao. Mjini Dodoma ikaja Alko Vintages, kampuni ya Kitanzania. Tanzania Distilleries, hao hao wa Konyagi, nao wana Dodoma Wine, chupa ambayo wengi mmeiona hata kama hamjainywa. Pembeni yao wapo wasindikaji wadogo na mashirika ya kidini.

Ni mzunguko wa kuchekesha kidogo. Mwitaliano wa kwanza alileta mizabibu kwa ajili ya altare, na karibu nusu karne baadaye Mwitaliano mwingine akaja kwa ajili ya soko.

PALE PANAPOUMA

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe.

Mwaka mmoja nilikwenda kwa shemeji msimu wa kiangazi. Zabibu zilikuwa nzuri, nyeusi, zinang'aa, ukila moja vidole vinanata. Alikuwa ameelewana na mnunuzi mmoja, wakapanga siku. Tukavuna tangu alfajiri, dada, shemeji, watoto, na vibarua wanne. Kreti zikapangwa chini ya mti. Gari halikuja. Simu ikapigwa, tukaambiwa matangi yamejaa, subirini. Kesho yake subirini. Siku ya tatu nyuki walikuwa wengi kuliko watu. Harufu ikaanza kubadilika, zile za chini ya kreti zinatoa maji. Siku ya nne alikuja mtu wa kati na bei yake mkononi, na shemeji akaikubali bila kubishana. Dada alikuwa jikoni, hakutoka nje kuangalia wanavyopakia.

Mimi ni mtoto wa mkulima wa pamba, kusubiri hela nakujua. Msimu wa 2019 hapa kwetu Simiyu bei elekezi ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo, bei ya dunia ikashuka, wanunuzi wakakosa hela, watu wakakaa miezi wanadai. Mzee wangu alikuwa mmoja wao. Lakini pamba ikikaa ghalani inabaki pamba. Inakusubiri. Zabibu haisubiri. Kila siku inayopita, mnunuzi anapata nguvu na wewe unapungukiwa. Hakuna haja ya mtu kuwa mbaya ili ulaliwe, saa peke yake inatosha.

Sasa fanyeni hesabu hii. Kilo moja ya zabibu inatoa kama robo tatu ya lita ya divai, au pungufu ya hapo. Chupa ya kawaida ni mililita 750. Maana yake chupa moja ni kilo moja na kidogo ya zabibu. Mkipita dukani angalieni bei ya chupa, halafu mkimpata mkulima wa Dodoma muulizeni aliuza kilo kwa shilingi ngapi. Sisemi kwamba tofauti yote ni wizi. Kuna chupa, kizibo, lebo, umeme, ushuru, usafiri, duka. Ila ulizeni.

Dawa yake wakulima wenyewe wameshaijua, na Dodoma ina jina: mchuzi wa zabibu. Sio mchuzi wa kulia ugali, teh teh. Ni divai ghafi, zabibu zilizopondwa na kuchachushwa, zimehifadhiwa kwenye matangi, hazijachujwa vizuri wala kutiwa kwenye chupa. Chama cha wakulima au msindikaji mdogo mwenye mashine ya kuponda na matangi safi anaweza kupokea zabibu siku ile ile zinapovunwa, akakaa na mchuzi kwa miezi, akauza kwa kiwanda kikubwa kinapohitaji. Kitu cha siku tatu kinakuwa kitu cha miezi. Hapo mkulima naye anaweza kusema, "Bei hiyo sitaki, rudi wiki ijayo."

Sio rahisi, sitaki kuwauzia ndoto. Tangi chafu moja linageuza kazi ya kijiji kizima kuwa siki. Inahitajika mtu aliyesoma hiyo kazi, mkopo wenye riba ya kibinadamu, na mnunuzi wa mchuzi anayelipa kwa ubora uliopimwa. Lakini ndiyo njia ninayoiona mimi. Abrau-Durso haikuwa na nguvu kwa sababu ya mfalme peke yake. Ilikuwa na nguvu kwa sababu pipa lilikuwa jirani na shamba. Mwenye pipa ndiye anayeweza kusubiri, na anayeweza kusubiri ndiye anayepanga bei.

USIUZIWE RANGI: SOMA CHUPA

Hili ni la matumizi ya kila siku. Kwanza, divai ni kilevi, aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuuziwa, huyu asome tu kwa ajili ya elimu.

Pili, sio kila kinachoitwa waini kina zabibu. Kuna ya rozela, wengine mnaiita choya, akina mama wa vikundi wengi wanaitengeneza. Kuna ya ndizi, kule Arusha wanaifanya kiwandani. Hizo ni halali na nyingine tamu kweli, ila ni vitu tofauti. Na kuna nyingine ni kilevi, maji, sukari, rangi na harufu ya kununua. Hiyo haimsaidii mkulima hata mmoja.

Tatu, tafuta neno zabibu kwenye viambato, asilimia ya kilevi, jina la mtengenezaji, na mahali ilipotengenezwa. Sheria ya ushuru wa bidhaa ya Tanzania ina kundi lake kwa divai ambayo zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake ni za ndani, inatozwa kidogo kuliko nyingine. Serikali iliweka hivyo ili kiwanda kione faida kununua kwa shemeji yangu badala ya kuagiza juisi nzito kutoka nje. Kwa hiyo ukinunua ya zabibu za hapa, hiyo hela angalau inajua njia ya kwenda Hombolo.

Nne, ukishaifungua, imalize ndani ya siku chache au ifunge vizuri uiweke penye baridi. Mnajua sasa kwa nini: hewa, halafu siki.

NAMALIZIA

Wadau, najua wapo watakaosema Bariadi na zabibu wapi na wapi. Mimi naona vinahusiana kabisa. Sisi hapa tuna pamba, tunaichambua mbegu, halafu robota linapanda lori. Nyuzi zinasokotwa kwingine, nguo inashonwa kwingine, na inarudi sokoni kwetu ikiwa na bei ambayo aliyelima hawezi. Pipa letu ni kiwanda cha nyuzi, na halipo jirani na shamba. Dodoma wamepata viwanda kadhaa na bado wanahangaika, sembuse sisi.

Mwaka huu wakati wa kiangazi shemeji alinipigia simu. Yeye na wenzake kumi na moja wamechanga, wamenunua mashine ya kuponda iliyotumika na matangi mawili. Nikamuuliza, "Shemeji, mkiharibu je?" Akasema, "Tukiharibu tutakuwa tumeharibu ya kwetu." Sijui kama watafanikiwa. Nikienda nitawaletea habari, na picha kama kafe itakuwa na mtandao wa maana siku hiyo.

Na wewe jamaa wa kompyuta ya pembeni, kama unasoma hapa: tunacho. Kina umri wa zaidi ya miaka sitini, kina zabibu yenye jina la kijiji chetu, na kinavunwa mara mbili kwa mwaka. Kilichobaki ni nani atashika pipa.

Nawasilisha. Wa Dodoma mlioko humu, hasa watoto wa wakulima, nilipokosea nirekebisheni, uwanja ni wenu.